Vidonge vya «kuongeza mbegu»: bwana apimwe kwanza



Mwaka ukipita nyumbani bila mimba, macho yote yanamgeukia bibi. Mama mkwe anauliza, majirani wanahesabu miezi, dada wa watu anamaliza mizizi yote na vyumba vyote vya maombi. Lakini karibu nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, sababu iko kwa bwana, peke yake au pamoja na ile ya bibi.

Siku hizi mabwana wameanza kulisikia hilo, na biashara imeingia hapo hapo. Sokoni na kwenye simu wanauza vidonge vya zinki na vitamini, eti vinaongeza mbegu za kiume. Pesa ya kopo moja ingelisha watoto siku nyingi.

Vidonge hivyo vimejaribiwa. Kule Marekani walichukua ndoa 2370 zilizokuwa zinatafuta mtoto. Kwa miezi 6, nusu ya mabwana walipewa zinki na asidi foliki kila siku, na nusu nyingine vidonge vya kufanana visivyo na dawa ndani. Matokeo yalitoka mwaka 2020: waliokula dawa, ndoa 34 kati ya 100 zilipata mtoto, waliokula vidonge vitupu, 35. Na walioteswa zaidi na tumbo ni wale wa dawa!

Si kusema chakula ni bure. Mwili unaitaka zinki, nayo imo ndani ya sambaza, nyama, maharagwe, karanga na mbegu za maboga. Ila bidoni ikishajaa, maji ya ziada yanamwagika tu.

Tena tusichanganye nguvu za kitanda na uzazi. Bwana anaweza kuwa na nguvu zote na mbegu zikawa chache, au zisiwepo kabisa. Mbaya zaidi ni sindano za testosteroni, ambazo vijana wengine wanadungwa ili wajaze misuli: mwili ukipata homoni hiyo kutoka nje, unaacha kutengeneza mbegu. Kuzirudisha kunaweza kuchukua miezi mingi. Anayetafuta mtoto asiziguse.

Sababu zenyewe mara nyingi kidonge cha sokoni hakizifikii: mishipa iliyovimba kwenye mapumbu, njia iliyozibwa na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa, matubwitubwi yaliyoshuka kwenye mapumbu, sigara, pombe kali. Mishipa inaweza kupasuliwa, maambukizo yanatibiwa (ninyi wote wawili, siku moja), na sigara inaachwa. Halafu mvumilie, kwa sababu mbegu mpya inatengenezwa kwa muda wa miezi 2 na nusu hivi, na juma moja halionyeshi kitu.

Kipimo cha mbegu hakina kisu wala sindano. Bwana anakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo la ndoa, kisha anatoa mbegu ndani ya kikopo safi cha labo. Akizitolea nyumbani, kikopo kifike labo kabla ya saa moja kuisha, kikiwa kimefichwa ndani ya nguo karibu na mwili kisipate baridi. Matokeo yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe, maana hata malaria ya mwezi uliopita inaweza kuyaharibu. Na wewe dada, usimtume peke yake kama mshitakiwa. Mwambie «twende», nawe upimwe siku ile ile.