Pesa Yako Hupitia Mashine za Nani?

Ukilipa mboga kwa simu, ujumbe huingia kabla mama mboga hajafunga mfuko. Nyuma ya hizo sekunde chache huwa kuna kampuni kadhaa, na zingine ni washindani kabisa.

Chukua VMware na Amazon, zote za Marekani. VMware ilijijengea jina kwa programu inayogawanya seva moja kuwa seva pepe nyingi. Ni kama ploti: jengo moja, wapangaji wengi, kila mtu na mlango wake na mita yake ya stima. Amazon nayo hukodisha seva kupitia intaneti, zile huduma tunaita za wingu. Wateja walikuwa wale wale. Lakini mwaka wa 2016 zilitangaza kushirikiana, na 2017 programu za VMware zikaanza kufanya kazi ndani ya seva za Amazon. Hapa kwetu, Safaricom iliingia mkataba na Amazon mwaka wa 2020 ili kuuza huduma za wingu.

Wewe unafaidika vipi? Seva moja ikizima, kazi yake huwashwa kwa nyingine. Mwisho wa mwezi, watu wakituma pesa kwa wingi, nafasi huongezwa bila kungoja mashine mpya inunuliwe.

Ila hayo mabadiliko yanaweza kuchelewesha ujumbe. Ukikawia, usitume tena! Angalia salio au taarifa ya miamala kwanza. Ukituma mara mbili, huenda mfumo ukahesabu malipo mawili.