Mguu wa Nne wa Spika

Spika ndefu ya kusimama sakafuni huwa na miguu minne, na sakafu ya saruji au vigae, hata iliyopigwa na fundi hodari, haikosi mwinuko. Miguu mitatu hukaa imara popote, kama kigoda. Wa nne ndio hubaki hewani. Besi ikipiga, koni husukumwa mbele na boksi husukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Koni ya gramu 20 ikisogea milimita 5, boksi la kilo 20 lililo huru lingerudi nyuma 0.005 ya milimita tu. Si kitu. Lakini boksi lililoegemea miguu miwili ya mshazari huchezacheza na kugonga vigae, na kugonga huko husikika.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mpira wowote wa kuweka chini ya spika, ondoa kuyumba. Legeza nati, shusha skrubu ya mguu ulio hewani mpaka karatasi iliyo chini yake isivutike, hakikisha wima kwa pima maji, kisha kaza nati. Miguu yenye ncha kali ilikusudiwa kupenya zulia. Juu ya vigae iwekee visahani vya chuma, la sivyo itavikwaruza. Na ncha hizo hazizuii mtetemo: zinaushikamanisha na sakafu.

Kuzuia mtetemo ni kazi nyingine kabisa, na kanuni yake tuliachiwa na Mwingereza Robert Hooke. Mwaka 1676 aliificha katika herufi alizozivuruga makusudi, na mwaka 1678 akaifichua: springi hurefuka au kubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoivuta au kuibana. Inapendeza kuona kanuni hiyo kongwe ikimwezesha mtu yeyote kupima mpira wake kwa rula. Mpira ukibonyea milimita 1 chini ya uzito wa spika, spika nzima hupenda kucheza takriban mara 16 kwa sekunde. Ukibonyea milimita 4, mara 8. Mtetemo huanza kupungua pale tu kasi yake inapozidi mara 1.4 ya kiwango hicho. Ukikaribiana nacho, huongezeka.

Hapo ndipo wengi hupotea. Kipande kigumu kinachobonyea sehemu moja ya kumi ya milimita hucheza karibu mara 50 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la besi hupiga 41. Mpira huo unakuza kilekile ulichonunuliwa kukizuia! Na kwa kuwa mpira hukakamaa ukitikiswa haraka, hesabu halisi huwa mbaya kidogo kuliko hii.

Mpira laini nao hurudisha kuyumba, hatari kubwa penye watoto wanaopenda kushika na kuvuta. Mimi ningefunga spika juu ya ubao mnene, mpana kuliko boksi, na kuweka mpira kwenye pembe za ubao. Lakini kwenye saruji iliyolala juu ya ardhi, nzito kama ilivyo, sioni haja: sakafu hiyo haitikisiki kwa urahisi. Mpira una maana ghorofani, ambako dari ya jirani ndiyo sakafu yako, ingawa hautazuia besi inayosafiri hewani. Kwa hiyo, usiku punguza sauti. Sauti kali inayodunda kwenye vigae haihusiani na miguu hata kidogo. Itandikie mkeka mnene au zulia kati ya spika na kiti chako.