Umetapeliwa na mshirika wa zamani? Tafuta wakili mali ilipo

Mfanyabiashara aliyetapeliwa na mshirika wake wa zamani ng'ambo ya mpaka huwa na haraka ya kupata wakili. Wengi humkimbilia yule wanayemfahamu mjini kwao, na hapo ndipo fedha nyingine hupotea.

Chukulia wauza mahindi wawili, mmoja wa Arusha na mwingine wa Nairobi, waliopitisha mizigo yao Namanga. Ushirika ukavunjika, lakini yule wa Nairobi akaendelea kupokea malipo ya wateja na kubaki na lori lililonunuliwa kwa fedha za wote wawili. Mdai yuko Tanzania. Mdaiwa, akaunti na lori viko Kenya. Wakili wa Arusha anaweza kutoa ushauri, lakini kesi ya Kenya inahitaji wakili aliyesajiliwa Kenya.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la wakili, mdai ajiulize mali ya mdaiwa iko wapi. Hukumu bila mali ya kukamata ni karatasi tu.

Kumhakiki wakili

Wakili halali lazima awe na cheti cha kazi cha mwaka husika. Kwa Kenya, jina hutafutwa kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili (LSK). Kwa Tanzania Bara, hutafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Aidha, wakili aliyeandika mkataba wa ushirika huenda asifae. Aliwahudumia wote wawili, na anaweza kuitwa shahidi.

Maswali ya kumuuliza

Kwanza, amewahi kuendesha madai ya washirika wa biashara? Pili, ada yake ni kiasi gani, na gharama za mahakama ziko ndani au nje ya ada hiyo? Makubaliano yawe ya maandishi na kila malipo yawe na risiti. Anayeahidi kulipwa akishinda tu aogopwe. Sheria ya Mawakili ya Kenya haitambui makubaliano ya namna hiyo.

Tatu, ataomba zuio la mahakama lini? Lori likishauzwa, kulirudisha ni kazi kubwa.

Polisi au mahakama ya madai?

Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai Kenya na Tanzania. Hata hivyo, kesi ya jinai hulenga kumwadhibu mkosaji, wakati kurudishiwa fedha kwa kawaida hudaiwa kwa kesi ya madai. Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha nayo haisikilizi ugomvi wa washirika binafsi, isipokuwa mkataba wao umeipa mamlaka ya usuluhishi.

Anayeshikilia tayari hukumu ya Mahakama Kuu ya Tanzania, Uganda, Rwanda au Zambia anaweza, kwa masharti, kuomba isajiliwe Mahakama Kuu ya Kenya bila kuanza upya.

Muda

Madai ya kuvunja mkataba yana kikomo cha miaka 6 katika Kenya na Tanzania, na mengine yana muda mfupi zaidi. Siku ya kwanza kwa wakili, mdai aende na mkataba, taarifa za benki, kumbukumbu za malipo ya simu, ankara, nyaraka za forodha na hati ya umiliki wa lori.