Kabla ya kujenga nyumba ya kupangisha Lubumbashi: maswali sita ya kujiuliza



Mahindi yakiisha kuuzishwa, kila mwaka swali moja linarudi katika mikutano yetu: feza hii tuiweke wapi? Siku hizi wengi wanajibu: tununue lupango Lubumbashi, tujenge milango miwili ao mitatu, tutie lokatere. Wanasema: «Mahindi inaweza kufa na jua, lakini nyumba haikufake.»

Wazo hilo si baya. Mji unakua. Wafanyakazi wa mine, wanafunzi wa Chuo Kikuu (UNILU) na wachuuzi wanaokwenda Kasumbalesa, wote wanatafuta mahali pa kulala. Lakini nyumba ya kupangisha ni kazi kama shamba. Inakula feza mbele ya kuleta feza, na kuna miezi haileti kitu. Kwa yule anayetaka kuanza mara ya kwanza, tunaweka hapa maswali sita.

1. Feza hii ni ya nyumba ao ni ya msimu?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo watu wanaruka. Kwetu Haut-Katanga watu wanajenga wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Mbolea na mbegu vinanunuliwa mwezi wa tisa na wa kumi, kusudi mvua ya mwezi wa kumi na moja ikute kila kitu tayari. Kwa hiyo ukuta na mbolea vinagombania mfuko mmoja. Na ukuta ndio unashinda, sababu fundi yuko mbele yako anadai, lakini shamba halidai mtu.

Udongo wetu mwekundu una asidi na mwingi umechoka. Hekta iliyopandwa bila mbolea, ao iliyopandwa kwa kuchelewa, itakuonyesha mwezi wa nne. Mtu anaweza kujikuta na nyumba isiyo na bati mjini, na ghala tupu kijijini. Kama alichukua mbolea kwa deni la koperativi, deni hilo linaangukia wenzake wote.

Basi tenga kwanza: chakula na masomo ya watoto, deni la koperativi, kisha mbegu, mbolea na kazi ya msimu unaokuja. Inayobaki ndiyo feza ya kujenga. Kama haitoshi, nunua matofali mwaka huu, bati mwaka ujao. Matofali ya kuchoma yanangojea, msimu haungojei.

2. Nyumba itarudisha feza kwa miaka mingapi?

Tufanye hesabu ya mfano tu. Wewe utaweka bei za kartie yako. Lupango dola 3.000, kujenga milango miwili dola 6.000, jumla 9.000. Kila mlango unalipwa dola 50 kwa mwezi. Wengi wanahesabu hivi: 100 mara 12 ni 1.200 kwa mwaka, kwa hiyo miaka saba na nusu feza imerudi.

Hesabu hiyo haijakamilika. Toa mwezi mmoja ambao kila mlango utakaa bure lokatere akihama, na mwezi mmoja ambao kila lokatere hatalipa: dola 200. Toa dola 300 za bati linalovuja, choo kilichojaa, kodi ya serikali, na transpoti yako ya kwenda na kurudi. Unabaki na 700. Sasa 9.000 kugawanya kwa 700 ni karibu miaka 13. Inaweza kuwa kazi nzuri bado, kwa mtu anayefikiria uzee wake na watoto wake. Si kazi ya mtu anayehitaji feza mwaka kesho.

3. Lupango ina karatasi gani?

Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inaonyeshwa na karatasi moja tu: «certificat d'enregistrement», inayotolewa na konservatere wa titre za ardhi. Barua ya chifu, fishi ya komini, ao karatasi ya kuuzishana iliyosainiwa mbele ya shefu wa kartie ni mwanzo wa njia, si mwisho.

Angalia sana katika komini Annexe, pale mji unapokutana na mashamba ya vijiji. Kuna malupango yaliyouzishwa mara mbili: mara na chifu, mara na mtu wa mjini. Mbele ya kulipa, chukua nambari ya lupango, nenda mwenyewe kwa kadasta na kwa konservatere, uliza imeandikwa kwa jina la nani. Usimtume komisionere, yeye analipwa ukinunua, si ukikataa. Uliza pia majirani wa pande zote nne.

Na jina gani litaandikwa? Tangu Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake kwa mambo ya sheria. Mambo yanayowafunga wote wawili, wanapatana wote wawili. Wasaini pamoja. Wajane wengi wanafukuzwa katika nyumba waliyoijenga kwa jembe lao, sababu jina lao halikuwa popote.

4. Maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

Wanaonunua mwezi wa saba wanaona lupango kavu na nzuri. Rudi mwezi wa pili, mvua ikiwa kali, uone maji yanapita wapi na kama njia inapitika. Uliza kama bomba la REGIDESO linafika, na kama maji yanatoka kweli. Kama ni kisima, kumbuka kinapaswa kuwa mbali na choo, karibu mita 30. Katika lupango ndogo yenye familia tatu, nafasi hiyo haipatikani. Basi jua mbele watateka wapi. Lokatere anaweza kuvumilia nyumba bila umeme wa SNEL. Bila maji karibu, anahama.

5. Nyumba moja kubwa ao milango midogo?

Nyumba kubwa inalipwa vizuri na ina lokatere mmoja wa kufuata, lakini akitoka, feza yote inakatika. Milango midogo inagawanya hatari: mmoja akihama, wengine wanalipa. Lakini inaleta ugomvi wa choo, wa maji na wa umeme. Kwa anayeanza, tunaona milango miwili iliyomalizika ni bora kuliko minne isiyo na bati. Jenga miwili, jifunze, kisha endelea.

6. Nani ataangalia, na kwa mkataba gani?

Wewe unakaa kilomita nyingi na mji. Ndugu anayekusanya feza bila karatasi, mwisho mtagombana. Mpe kitabu cha risiti, mpatane mshahara wake, na mhesabu pamoja kila miezi mitatu.

Na lokatere, andikianeni mkataba, muupeleke kwa serevisi ya abita ya komini. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipite miezi 3. Garanti si feza yako ya kula: akitoka bila kuharibu kitu, utairudisha. Ukitaka atoke, mpe preavisi; usimtolee vyombo inje. Kodi ya mapato ya kupangisha inaombwa na provensi. Uliza kiwango cha mwaka huu kwa DRHKAT mbele ya kupanga bei, na uchunge risiti.

Kwa mkutano unaokuja, tunaomba kila mwanachama anayefikiria kujenga alete karatasi yenye mistari mitatu: feza ya msimu iliyotengwa, hali ya karatasi za lupango, na miaka ambayo nyumba itarudisha feza. Kama mstari wa kwanza uko tupu, mistari mingine ingoje. Shamba ndilo litanunua bati.