Utatuzi wa Makosa ya Kuhamisha Majedwali ya Hifadhidata kwenda Faili Matini: Mfano wa Madai ya Kifuta Jasho, Liparamba

1.0 Utangulizi

Pori la Akiba la Liparamba lipo kusini mwa Mkoa wa Ruvuma, karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mwananchi anayeishi jirani na hifadhi ya namna hiyo, mazao yake yakiharibiwa au mifugo yake ikiuawa na wanyamapori hatari, anaweza kudai kifuta jasho kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtafiti wa madai hayo huyatoa katika hifadhidata na kuyaweka katika faili matini ili ayachambue kwa programu nyingine.

Makala haya yanafafanua makosa yanayojitokeza katika hatua hiyo. Mfano unaotumika ni jedwali la kubuni lenye safuwima nne: simu ya mdai, aina ya hasara, ekari zilizoharibiwa na maelezo. Hoja kuu ni kwamba kosa linalosimamisha kazi lina hatari ndogo kuliko kosa linaloiacha kazi ikamilike huku data ikiwa imepotoka.

2.0 Makosa Yanayotangazwa

Amri ya COPY katika PostgreSQL na ile ya SELECT … INTO OUTFILE katika MySQL huandika faili kwenye seva, si kwenye kompyuta ya mtafiti. Kwa hiyo, mtafiti aliyeunganishwa na seva ya mbali anaweza kulitafuta faili asilione, ingawa amri imefaulu. Katika PostgreSQL, suluhisho ni kutumia \copy, ambayo huandika upande wa mtumiaji.

Aidha, MySQL hukataa kuandika nje ya folda iliyotajwa katika secure_file_priv (kosa 1290), na hukataa kuandika juu ya faili lililopo (kosa 1086). COPY, kinyume chake, hufuta yaliyomo katika faili la zamani bila kuuliza. Kukataa huko kwa MySQL kunaudhi, lakini humlinda mtafiti.

3.0 Makosa ya Kimya

Kosa la kwanza linahusu alama ya mkato. Maelezo kama “mahindi, mihogo” yasipofungwa kwa alama za mtajo, mkato huo huhesabiwa kuwa mpaka wa safuwima, na kila kinachofuata husogea nafasi moja.

La pili linahusu ritifaa. Neno “ng'ombe” likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda katika usimbaji wa UTF-8, kisha likafunguliwa kana kwamba ni Windows-1252, husomeka “ngâ€™ombe”. Hata bila hitilafu hiyo, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta; hivyo basi, ng'ombe waliouawa wanaweza kuhesabiwa katika makundi mawili.

La tatu linahusu thamani tupu. Shamba ambalo halijapimwa si shamba lenye ekari 0. MySQL huandika thamani tupu kama \N, ilhali PostgreSQL, katika muundo wa CSV, huacha nafasi wazi. Programu inayogeuza nafasi hiyo kuwa sufuri humfanya mdai anayesubiri kupimiwa aonekane hakupata hasara.

La nne hutokea baada ya kuhamisha. Programu ya lahajedwali huweza kuichukulia namba ya simu inayoanza na 0 kuwa tarakimu za hesabu, ikaondoa sufuri hiyo. Safuwima ya simu inapaswa kutambulishwa kuwa matini kabla ya faili kufunguliwa.

4.0 Uhakiki

Kuhesabu mistari ya faili hakutoshi, kwa kuwa safumlalo moja yenye maelezo marefu inaweza kuchukua mistari kadhaa. Njia ya kuaminika ni kulirejesha faili katika jedwali tupu lenye muundo uleule, kisha kulinganisha mambo matatu: idadi ya safumlalo, jumla ya ekari na idadi ya thamani tupu katika kila safuwima. Baada ya hapo, amri ya EXCEPT itumike kwa pande zote mbili ili kubaini safumlalo zinazotofautiana. Kwa kuwa amri hiyo huondoa marudio, haiwezi kuchukua nafasi ya hesabu ya idadi.

5.0 Hitimisho

Makosa yaliyojadiliwa katika sehemu ya 3.0 hayaonekani katika matokeo ya mwisho, kwani jedwali lenye ekari pungufu hufanana na jedwali sahihi. Inapendekezwa kwamba kila tasnifu inayotumia data ya namna hii ionyeshe katika kiambatisho toleo la mfumo, amri iliyotumika, usimbaji, alama ya kutenganisha, alama ya thamani tupu na matokeo ya uhakiki. Kwa taarifa hizo, mtahini ataweza kutofautisha dai lililokosa vipimo na dai lililopotezewa vipimo njiani.