Wamba dia Wamba: Profesa wa demokrasia aliyeingia msituni

Mfanyabiashara aliyepitisha mzigo Kasindi mwaka 2000 hakuwa na sababu ya kuuliza Kinshasa inataka nini. Ushuru ulilipwa kwa waasi, na ng'ambo ya forodha, njia ya kwenda Beni na Butembo ilikuwa mikononi mwa waasi hao pamoja na jeshi la Uganda. Wengi waliolipa ushuru huo hawakujua, au hawakujali, kwamba jina lililokuwa juu kabisa ya utawala ule halikuwa la mwanajeshi wala la tajiri. Lilikuwa la mwalimu wa historia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kazi ya maisha yake ilikuwa kuandika juu ya demokrasia.

Ernest Wamba dia Wamba alizaliwa mwaka 1942 Sundi-Lutete, katika nchi ya Wakongo, magharibi kabisa ya Kongo, mbali mno na maziwa na masoko ya mashariki. Alipata nafasi ya masomo Marekani, akasoma falsafa, akafundisha huko, kisha mwaka 1980 akaja Dar es Salaam.

Mlimani wakati huo palikuwa mahali pa kubishana. Hoja za ujamaa, ukombozi na tabaka zilikuwa zimejadiliwa kwa miaka mingi, na wakimbizi wa kisiasa kutoka kusini na magharibi walikuwa sehemu ya mjadala huo. Wamba alikaa hapo karibu miongo miwili. Kati ya mwaka 1992 na 1995 aliongoza CODESRIA, baraza la watafiti wa sayansi ya jamii barani Afrika lenye makao Dakar, na mwaka 1997 alitunukiwa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi kwa mchango wake katika falsafa ya Afrika.

Hakuwa msomi wa kuandika mambo asiyoyajua. Mwaka 1981 aliposafiri kwenda Zaire alikamatwa kwa maandishi yaliyoonekana kumpinga Mobutu, akawekwa kizuizini hadi wasomi wenzake wa nchi mbalimbali walipopiga kelele.

Baraza la mbongi

Hoja yake kuu haihitaji digrii kuielewa. Katika vijiji vya Wakongo kuna mahali paitwapo mbongi, penye moto, ambapo watu hukaa, hula na huzungumza. Panapotokea ugomvi mkubwa, jamii nzima hukutana na kuzungumza hadi jambo liishe. Mwaka 1985 Wamba aliandika makala akieleza kwamba mazungumzo ya namna hiyo ni njia kamili ya kisiasa, ambayo jamii hutumia kutatua migongano yake yenyewe bila kusubiri mtu wa juu aikate. Kila mtu ana haki ya kusema. Mkubwa naye huulizwa.

Waswahili watalitambua hilo kwa jina la baraza, ingawa baraza analoitisha mkuu wa wilaya ili atoe maagizo si lile alilolikusudia yeye. Na ukweli usemwe: mabaraza ya kijiji ambamo wanawake na vijana walikuwa wasikilizaji tu hayakuwa machache.

Upepo wa vyama vingi ulipovuma mwanzoni mwa miaka ya 1990, wasomi wengi waliushangilia. Wamba alitia shaka. Alitofautisha demokrasia iliyo ndani ya Afrika na demokrasia kwa ajili ya Afrika. Ya kwanza inaweza kuwa mtambo ulioletwa kutoka nje, wenye vyama, kampeni na bunge, ambao wakubwa walewale huutumia kugawana vyeo. Ya pili lazima ianze kwa kukubali kwamba watu wa kawaida wanafikiri, na kwamba siasa ipo pale wanapofikiri, iwe kijijini, kiwandani au sokoni. Kama mwananchi anahesabiwa siku ya kura tu na kunyamazishwa siku zilizobaki, kwake hiyo haikutosha kuitwa demokrasia.

Goma, Agosti 1998

Mobutu alianguka Mei 1997. Laurent Kabila, ambaye naye alikuwa ameishi Dar es Salaam, akaingia Kinshasa na muda si mrefu akapiga marufuku shughuli za vyama vya siasa. Agosti 1998 vita vipya vikaanza mashariki, vikiungwa mkono na majeshi ya Rwanda na Uganda. Kundi la RCD likaundwa Goma, na kiongozi wake akatangazwa kuwa Profesa Wamba dia Wamba, mwenye umri wa miaka 56.

Hapo ndipo waliomsoma walipogawanyika, na hadi leo hawajapatana. Wapo walioona kwamba mtu aliyefundisha kwa miaka kuhusu siasa ya watu hatimaye amepata ujasiri wa kuitenda. Wengine waliuliza swali gumu zaidi: bunduki ni za nani? Hazikuwa zake. Hakuwa na jeshi, hakuwa na hazina, na alitoka upande wa pili wa nchi. Waliomweka mbele walihitaji uso wa Mkongomani mwenye heshima, na sifa yake ya demokrasia ikawa ndiyo bidhaa aliyoingia nayo sokoni. Ni vigumu kuamini kwamba mtu mwenye akili kama zake hakuliona hilo. Pengine aliliona na akadhani angeweza kuwageuza.

Haikuchukua mwaka. Mei 1999 kundi lilipasuka. Goma, chini ya mkono wa Rwanda, ikamwondoa na kumweka Emile Ilunga. Wamba akabaki Kisangani akiegemea Uganda. Agosti mwaka huohuo majeshi ya Uganda na Rwanda, washirika wa jana, yalipigana ndani ya mji huo. Mkataba wa amani wa Lusaka ulikuwa umekwama kwa sababu pande za RCD hazikukubaliana nani atie sahihi. Mwisho wa Agosti waanzilishi wapatao 50 wakatia sahihi wote kwa pamoja. Juni 2000 majeshi hayo mawili yalipigana tena Kisangani kwa siku sita, na mamia ya raia wakafa. Wakati huo Wamba alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Bunia.

Ushuru wa Kasindi

Bunia ndiko mafundisho yake yalikopimwa, na ndiko yaliposhindwa. Juni 1999, kabla hajafika huko, jenerali wa Uganda, James Kazini, alikuwa ametangaza mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kumteua gavana. Hakuna baraza lililokaa. Mwaka huohuo mgogoro wa ardhi kati ya Wahema na Walendu uligeuka mauaji makubwa.

Ndani ya kundi lake, lililoitwa sasa RCD-ML, wasaidizi wawili walikuwa na kile ambacho yeye hakuwa nacho. Mbusa Nyamwisi alikuwa na mizizi miongoni mwa Wanande wa Beni na Butembo, watu wa biashara wanaojulikana hadi Dubai na Guangzhou. John Tibasima aliwahi kuongoza kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto na alikuwa na nguvu kwa Wahema. Wamba alikuwa na cheo na kalamu.

Msomaji anayevuka mipaka ataelewa haraka maana yake. Aliyeshika forodha ndiye aliyelipa askari. Matajiri wa Butembo waliingia katika mpango wa kulipa kabla: mfanyabiashara aliwapa waasi fedha mkononi leo, na mizigo yake ikapita baadaye kwa ushuru uliopunguzwa. Kwa tajiri ulikuwa mpango mzuri, maana alijua gharama yake mapema na alikuwa na mtu wa kumlalamikia. Mama wa vitenge au mchuuzi wa samaki hakuwa na fedha za kukopesha jeshi, hivyo alilipa kila kizuizi kilichomsimamisha. Kwa maneno mengine, palikuwa na mbongi Kasindi, ila waliokaribishwa kuota moto ni wenye kontena.

Kampala iliwaita viongozi hao mara kadhaa mwaka 2000 kuwapatanisha. Mwishoni mwa mwaka wafuasi wao walipigana Bunia. Januari 2001 Uganda ikasimamia muungano mpya chini ya Jean-Pierre Bemba. Wamba akaukataa, na kuanzia hapo hakuwa na eneo wala ushuru.

Hakutoweka. Alishiriki mazungumzo ya Wakongomani ya Sun City, Afrika Kusini, na kuanzia mwaka 2003 alikuwa seneta wa serikali ya mpito. Seneti hiyo ndiyo iliyoandaa rasimu ya katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Desemba 2005 na kuanza kutumika Februari 2006. Huenda hiyo ndiyo kazi yake ya kisiasa iliyodumu kuliko nyingine, japo haitajwi sana.

Alifariki dunia Julai 2020. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya miaka ile, yakiwemo ya Kisangani na Ituri. Miezi michache baadaye Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kasindi na Mpondwe vikawa vituo vya mpaka wa ndani wa Jumuiya. Sheria za forodha, vibali na viwango vinavyomhusu mchuuzi wa hapo sasa hujadiliwa Arusha, katika vikao ambavyo yeye mwenyewe ni nadra kualikwa.

Maandishi ya Wamba yamo zaidi katika majarida ya Kiingereza na Kifaransa, yametawanyika huku na huko. Kwa Kiswahili, lugha ya mji alioishi karibu miaka ishirini na ya eneo alilojaribu kulitawala, ni vigumu kumpata.