Sake ya Kijapani: jina kubwa na bei kubwa si ushahidi

Mnamo Desemba 10 mwaka 2017, wasomaji wa gazeti la Yomiuri Shimbun nchini Japani walikutana na tangazo la ukurasa mzima lisilo la kawaida. Kampuni ya Asahi Shuzo ya mkoa wa Yamaguchi, inayotengeneza sake mashuhuri iitwayo Dassai, iliwasihi wateja wake wasiinunue sake hiyo kwa bei ya juu. Tangazo hilo lilionyesha bei halali za rejareja pamoja na majina ya maduka yaliyoidhinishwa kuiuza.

Ni nadra mno kumwona mtengenezaji akimwomba mteja alipe fedha kidogo. Kampuni hiyo ilikuwa na sababu. Walanguzi walikuwa wakizinunua chupa zake na kuziuza tena kwa bei iliyopanda maradufu au zaidi, na mnunuzi wa mwisho hakuwa na njia ya kujua chupa yake ilikaa wapi, kwa muda gani na katika joto la kiasi gani. Sake ilikuwa ya kweli ilipotoka kiwandani. Ilipofika mezani, huenda ilikuwa imekwisha kuharibika, na lawama ilimwangukia mtengenezaji.

Tatizo hilo limevuka mipaka ya Japani. Tangu mwaka 2021, thamani ya sake inayouzwa nje ya nchi hiyo imekuwa ikizidi yeni bilioni 40 kwa mwaka, na wanunuzi wakubwa ni China, Marekani na Hong Kong. Desemba 2024, UNESCO iliuingiza ujuzi wa jadi wa kutengeneza sake kwa ukungu wa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kadiri sifa ya kinywaji hiki inavyoenea, ndivyo chupa zake zinavyozidi kuonekana kwenye rafu za watu wasioweza kusoma maandishi yaliyobandikwa juu yake.

Jina lina mipaka yake

Katika lugha ya Kijapani, neno “sake” lina maana pana: ni kileo chochote, bia na mvinyo zikiwemo. Kinywaji cha mchele ambacho wageni hukiita sake, Wajapani hukiita nihonshu, na sheria ya kodi hukiita seishu. Tofauti hiyo ya majina ni muhimu kwa mnunuzi. Herufi za seishu, 清酒, hutumika pia katika nchi jirani. Korea ina kinywaji chake cha mchele kiitwacho cheongju, kinachoandikwa kwa herufi hizohizo, na China nayo ina vinywaji vinavyobeba maandishi hayo. Vinywaji hivyo si bandia. Ni halali na vina historia yake, lakini havikutoka Japani.

Kwa hiyo herufi za kutafutwa ni 日本酒, yaani nihonshu. Desemba 2015, Mamlaka ya Kodi ya Taifa ya Japani ililipa jina hilo ulinzi wa kijiografia, kama ule ambao Ufaransa imeupa mvinyo wa Champagne. Tangu wakati huo, sake haistahili jina hilo isipokuwa imetengenezwa ndani ya Japani kwa mchele uliolimwa Japani. Mfano mzuri unatoka kwa watengenezaji walewale wa Dassai, ambao mwaka 2023 walifungua kiwanda katika jimbo la New York. Sake inayotoka huko, iitwayo Dassai Blue, hutengenezwa kwa ujuzi wa Kijapani, na hata hivyo haiwezi kuitwa nihonshu. Yapo pia maeneo ya ndani ya Japani yenye ulinzi wa namna hiyo, kama vile Hakusan katika mkoa wa Ishikawa, mkoa wa Yamagata, na Nada-Gogo katika mkoa wa Hyogo.

Ukweli umo nyuma ya chupa

Lebo ya mbele ni pambo. Huandikwa kwa mwandiko wa brashi ambao hata baadhi ya Wajapani hushindwa kuusoma. Maelezo yanayosimamiwa na sheria kwa kawaida huwa kwenye lebo ndogo ya nyuma, na mnunuzi makini huanzia hapo. Neno “premium” ambalo wauzaji wa nje hulipenda halina uzito wowote katika sheria ya Japani. Maneno yenye uzito ni mengine, na ili kuyaelewa inafaa kujua kwanza sake inavyotengenezwa.

Mchele una wanga, na hamira haiwezi kuugeuza wanga kuwa kileo mpaka kwanza uwe sukari. Watengenezaji wa mbege au busaa katika Afrika Mashariki hulitatua jambo hili kwa kimea: ulezi, wimbi au mtama huloweshwa, ukaachwa uote, na kule kuota ndiko kunakoleta sukari. Wajapani hutumia ukungu. Mbegu za ukungu wa koji hunyunyizwa juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, na baada ya takriban siku mbili punje huwa nyeupe na tamu. Kisha mchele huo wa koji huchanganywa na mchele mwingine, maji na hamira, na kazi mbili huendelea katika pipa moja kwa wakati mmoja: wanga kugeuka sukari, na sukari kugeuka kileo. Ndiyo maana sake hufikia nguvu ya asilimia 15 au 16 inapotiwa chupani, zaidi ya mvinyo mwingi wa zabibu.

Kabla ya hayo yote, mchele hukobolewa, tena mno kuliko mchele wa kula. Sehemu ya nje ya punje ina mafuta na protini zinazoweza kuifanya ladha iwe nzito, na wanga safi umo katikati. Lebo huonyesha kiasi cha punje kilichobaki baada ya kukobolewa, na hapa wanunuzi wengi hukosea. Asilimia 60 ina maana kwamba asilimia 40 ya punje imeondolewa. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, ukobozi ulikuwa mkubwa zaidi.

Utaratibu wa sasa wa madaraja ulianza kutumika mwaka 1990. Sake iitwayo ginjo, 吟醸, lazima iwe na punje zilizobaki asilimia 60 au chini ya hapo. Daiginjo, 大吟醸, ni asilimia 50 au chini, yaani nusu nzima ya mchele huondoka kama unga kabla kazi haijaanza. Honjozo ni asilimia 70 au chini. Neno junmai, 純米, halihusu ukobozi. Lina maana kwamba hakuna alkoholi iliyoongezwa, bali mchele, koji na maji tu. Pasipo na lolote kati ya maneno haya, chupa hiyo huwa ni futsushu, sake ya kawaida, ambayo haina ubaya wowote ila haistahili bei ya kifahari.

Wapo wanaoamini kwamba sake iliyoongezwa alkoholi ni ya udanganyifu. Imani hiyo ina chanzo chake: wakati wa vita na baada yake, mchele ulipoadimika, viwanda viliirefusha sake kwa alkoholi na sukari ili ijaze chupa nyingi. Lakini katika ginjo na daiginjo za leo, alkoholi inayoruhusiwa haizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa mchele, na huongezwa hasa ili kuvuta harufu ya matunda kutoka katika mchanganyiko. Baadhi ya sake zinazoheshimika sana hutengenezwa hivyo. Mnunuzi akiona 醸造アルコール kwenye orodha ya viambato, ajue kwamba kiwanda kimesema kweli, na si zaidi ya hapo.

Jambo jingine dogo ni maneno ya kale. Chupa yenye daraja la tokkyu, 特級, hutangazwa mara nyingine mitandaoni kama hazina. Madaraja hayo yalifutwa mwaka 1992. Chupa ya namna hiyo ni nzee, na sake nyingi hazikutengenezwa ili zizeeke.

Tarehe, mwanga na joto

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, ingawa hakuna aliyeghushi chochote. Tarehe inayoonekana kwenye chupa nyingi ni mwezi ambao sake ilitiwa chupani au kutolewa kwa ajili ya kuuzwa, na mara nyingi huandikwa kwa kalenda ya enzi za Kijapani. Enzi ya Reiwa ilianza mwaka 2019, hivyo mwaka wa 7 ni 2025. Mgeni anayeona “7.10” anaweza kudhani ni tarehe 7 Oktoba au tarehe 10 Julai, kumbe ni Oktoba 2025.

Sake iliyopashwa joto kiwandani ili kuua vijidudu hubaki nzuri kwa takriban mwaka mmoja ikiwekwa mahali penye giza na ubaridi. Ile isiyopashwa joto, inayotambulika kwa herufi 生, lazima ikae kwenye jokofu muda wote, safarini na dukani. Duka linaloiweka kwenye rafu ya kawaida, chini ya taa kali au karibu na dirisha, limeshajibu swali la mnunuzi. Rangi ya manjano na harufu nzito ni dalili nyingine, isipokuwa kwa sake chache zinazozeeshwa makusudi, ambazo lebo yake husema hivyo waziwazi.

Njia iliyopitiwa na chupa

Chapa zinazotafutwa sana, kama Juyondai ya mkoa wa Yamagata, hupitia kwa maduka yenye mkataba na kiwanda, yanayoitwa tokuyakuten. Chupa zao ni chache na bei yao hupangwa. Nje ya maduka hayo, chupa ileile huweza kugharimu mara kadhaa ya bei hiyo. Kinachotia shaka zaidi ni kwamba chupa tupu za chapa kubwa nazo hupata wanunuzi katika minada ya intaneti. Wengine hununua kwa pambo tu, lakini si vigumu kukisia matumizi mengine. Muuzaji anayeonyesha picha ya mbele tu aombwe picha ya nyuma, ya kizibo na ya tarehe. Akikataa, biashara iishie hapo.

Nje ya Japani, chupa iliyoingia kihalali huwa aghalabu na kibandiko cha mwagizaji katika lugha ya nchi husika. Katika China Bara, jina la mkoa nalo ni la kuangaliwa: baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, Beijing ilizuia vyakula na vinywaji kutoka mikoa 10, ukiwemo Niigata, mkoa unaosifika mno kwa sake. Hong Kong, iliyofuta ushuru wa vileo vyenye asilimia 30 au chini mwaka 2008, imekuwa mlango mkuu wa sake katika eneo hilo.

Anayenunua kwa mara ya kwanza hana haja ya kuanza na daiginjo. Junmai ginjo au tokubetsu junmai ya kiwanda kidogo kisichovuma, katika chupa ya mililita 720, mara nyingi humpa zaidi kwa fedha yake kuliko jina kubwa lililopita mikono mingi. Ikiwa yuko Japani, akumbuke kwamba umri wa kununua kileo ni miaka 20, ingawa umri wa utu uzima ulishushwa hadi 18 mwaka 2022. Chupa ikishafunguliwa, isimamishwe wima kwenye jokofu na iishe ndani ya wiki moja hivi. Itakayobaki baada ya hapo haimwagwi: wapishi wa Kijapani huitumia kuondoa shombo la samaki.